SOMO LA UFUNDI: CHECHE NDOGO NDANI YA RILEI



Kando ya Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge hadi Chienge, samaki asiyetiwa barafu huharibika upesi. Mota ya jokofu ikigoma, jasho la mvuvi na la mfanyakazi hupotea pamoja. Huenda chanzo kikawa kitu kidogo tu: pointi za rilei zilizoungua.

Rilei ni swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme. Umeme mdogo hupita katika koili. Sumaku huvuta, na pointi mbili hugusana ili kupitisha umeme mkubwa kwenda kwenye mota.

Kwa nini cheche hutokea? Waya uliozungushwa huweka nguvu ya sumaku. Jambo hili lilielezwa na Joseph Henry wa Marekani mwaka 1832. Umeme ukikatwa ghafla, nguvu hiyo hutafuta njia ya kutokea. Hata koili ya volti 12 yaweza kurusha volti mia kadhaa kwa kitambo kidogo sana. Cheche hula madini ya pointi, na mawimbi yake husikika kama mkwaruzo katika redio iliyo karibu.

Hatari kubwa ni hii: pointi zikiyeyuka zaweza kushikamana. Hapo unabonyeza kitufe cha kusimamisha, lakini mashine inaendelea kuzunguka. Mwenzetu aliyeingiza mkono akiamini imezimwa atapoteza vidole.

KINGA

1. Umeme wa betri: funga dayodi sambamba na koili, upande wenye mstari uelekee chanya. Kwa rilei ndogo aina ya 1N4007 yatosha. Ukiigeuza utaleta shoti. Fahamu pia kwamba rilei itachelewa kidogo kuachia.

2. Umeme wa laini kuu, volti 230: usitumie dayodi kamwe. Kwa koili ya kontakta au mota ndogo, unganisha kwa kufuatana rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, kisha uzifunge sambamba na koili au mota hiyo. Kapasita iwe ya daraja la X2. Ya kawaida yaweza kuwaka moto.

3. Wengine hufunga kinga hiyo sambamba na pointi. Hapo umeme wa miliampea 7 hivi hupita hata pointi zikiwa wazi. Zima swichi kuu kabla ya kugusa waya.

4. Kinga ikae karibu na mahali pa cheche, kwa nyaya fupi.

5. Usipige msasa pointi za fedha. Utaondoa madini yenyewe. Badilisha rilei, na chagua inayostahimili umeme wa kuwashia mota, ambao waweza kuwa mara 5 au 6 ya ule wa kawaida.

MASWALI YA KUJADILI

Kazini kwenu, mashine ipi huchelewa kusimama? Nani ameliandika jambo hilo katika daftari la matengenezo? Kipuri cha rilei ni bei ndogo. Mkono hauna kipuri.