Mkwaju: mti wa kivuli uani

Mbele ya kuta za nyumba nyingi mpya Dar es Salaam utaona miashoki imejipanga mstari. Inapendeza, lakini asili yake ni India na Sri Lanka, umbo lake ni jembamba, na chini yake huwezi kutandika mkeka saa saba mchana ukapumzika. Mkrismasi, uliotoka Madagaska, hutanda upesi, ila matawi yake hukatika kirahisi upepo ukivuma. Anayetaka kivuli cha kukaa familia nzima, namshauri apande mkwaju.

Huu ni mti wa kwetu. Chimbuko lake ni Afrika ya kitropiki. Mbao zake ni ngumu na mizizi yake huzama sana, ndiyo maana hustahimili ukame na upepo wa bahari. Hufika mita 20 na kuzidi, na matawi hutanuka kila upande. Basi upande angalau mita 8 kutoka ukutani, mbali na nyaya za umeme, mahali pasipotuama maji.

Mbegu za ukwaju wa sokoni zinafaa, mradi hazijapikwa. Zioshe, ziloweke usiku kucha, kisha zioteshe kwenye viriba virefu. Urefu wa kiriba wengi huudharau, na hapo ndipo miche mingi huharibika: mzizi mkuu ukigonga chini hujikunja, na mti hukua ukiwa dhaifu. Ukinunua kitaluni, inua kiriba kwanza. Mizizi ikiwa imetoboa na kushika ardhi, chagua mche mwingine, hata kama ni mfupi zaidi.

Chimba shimo la futi mbili kwenda chini na upana uleule, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, chana kiriba, panda, mwagilia. Weka matandazo yasiyogusa shina. Zungushia uzio, maana mbuzi huyapenda majani yake. Miaka miwili ya mwanzo mwagilia wakati wa kiangazi, na pogoa matawi ya chini kidogo kidogo.

Mkwaju hukua polepole. Uliooteshwa kwa mbegu huweza kuchukua miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa, uliobebeshwa huwahi. Kwa hiyo usiahirishe. Masika Pwani huanza Machi: shimo liwe tayari Februari.