Tarakilishi Inayojizima na Kujiwasha Yenyewe
Na mwanafunzi wa Kidato cha 3

Somo langu leo si la ngeli wala la methali. Ni juu ya tarakilishi ya nyumbani, ile ambayo uko katikati ya kazi, mara pu! kiwambo kinakuwa cheusi, feni inanguruma, na mashine inaanza upya kana kwamba hujawahi kuandika hata neno moja. Mwalimu mlezi wa chama chetu hutaka tuseme tarakilishi. Nyumbani tunasema kompyuta, nao mafundi husema mashine tu. Nitayachanganya yote matatu, mnisamehe.

Yetu ni ya mezani, ya mitumba. Ilinunuliwa mama alipochaguliwa kuwa mwekahazina wa chama cha akina mama wa mtaani. Wako 18, na kila Jumapili hutoa mchango, naye mama huingiza majina na fedha jioni hiyo hiyo. Mwezi wa Februari vituko vikaanza. Jumapili moja alikuwa ameandika michango ya watu wanne, hajahifadhi, ikajizima. Alipoandika tena kwa kukumbuka, hesabu ikapungukiwa na shilingi 2,000. Katika mkutano uliofuata mmoja wao akauliza mbele ya wenzake, "Kwa hivyo siku hizi kompyuta inakula pesa?" Mama alilipa zile 2,000 kutoka mfukoni mwake akanyamaza. Usiku huo nami nikapata changu: "Ni wewe na hiyo michezo yako ya magari!" Niliapa, lakini wapi! Ndipo nikaamua kumtafuta mwizi mwenyewe.

Kwanza tulimwita fundi mmoja kutoka mjini. Aliitazama mashine kama dakika tano, hakuiwasha hata mara moja, akasema mazabodi imekufa na kwamba angeweka nyingine kwa shilingi 7,500. Pesa hizo hatukuwa nazo, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yetu.

Sasa somo lenyewe. Mashine inapojizima, watu wengi hukimbilia kuuliza ni kifaa gani kimeharibika. Mimi nasema uliza kwanza inajizima lini. Nilichukua daftari la kurasa 48 na kila mara ilipojizima nikaandika siku, saa, na kazi iliyokuwa ikifanya. Baadaye niliongeza jambo la nne, yaani vitu vingine vilivyokuwa vimewashwa nyumbani wakati huo. Hilo la nne ndilo lililotuokoa, sisemi uongo.

Baada ya majuma mawili nilikuwa na visa 9. Visa 7 kati ya hivyo vilitokea baina ya saa moja na saa tatu usiku. Zaidi ya hayo, Jumamosi mchana nilikuwa nimecheza ule mchezo wa magari saa mbili mfululizo (kwa ajili ya uchunguzi, mama akisoma hapa) na haikujizima hata mara moja. Ebu fikirini. Mchezo ndio unaoifanyisha mashine kazi ngumu na kuipasha moto kuliko yote. Kama kosa lingekuwa joto peke yake, ingejizima mchana huo, si usiku mama anapoandika majina 18 taratibu.

Hatua iliyofuata ni kuiuliza tarakilishi yenyewe. Windows ina tabia moja mbaya: programu ikikosea vibaya sana, mashine hujiwasha upya upesi hata huwahi kusoma kosa lililoandikwa. Tabia hiyo huzimwa hivi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, fungua sehemu ya mambo ya ndani zaidi, kisha mipangilio ya kuwasha na kuokoa mashine, na uondoe alama ya kujiwasha yenyewe. Tangu hapo, kosa likiwa la programu au la kiendeshi cha kifaa fulani, kiwambo kitasimama na kukuonyesha jina lake. Chetu hakikusimama. Kilizimika tu kama mtu aliyepigwa rungu. Halafu kuna kumbukumbu ya matukio, ambayo hufunguliwa kwa kuandika eventvwr. Humo nilikuta Kernel-Power nambari 41 imejipanga kama wanafunzi paredi. Nilifurahi nikadhani nimempata, kumbe nambari hiyo husema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Haisemi nani aliyeizima. Lakini nilipofungua maelezo yake, namba ya kosa la programu ilikuwa 0, maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa. Hapo nikaanza kuutazama umeme kwa jicho baya.

Hata hivyo joto nililichunguza, maana kuliacha ni uvivu. Nilichomoa waya wa stima, nikagusa chuma cha sanduku ili mwili uondokewe na umeme tuli, nikafungua ubavu. Lo! Vumbi la kupanda mtama. Nilisafisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu, huku nikishika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Kabla ya hapo, nilipobonyeza Delete wakati wa kuwasha, kiwambo kilionyesha prosesa ina nyuzi 61. Baadaye ikawa 50. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100, na zikizidi hapo huzima mashine zisiungue. Yetu haikuwa karibu na hapo. Kusafisha kulikuwa kuzuri, lakini usiku ule ule ikajizima saa mbili kasorobo.

Ramu niliichomoa, nikafuta meno yake kwa raba safi ya penseli, nikairudisha, kisha nikaandika mdsched ili Windows iipime. Haikuonekana na kosa.

(Hapa niseme neno. Sisi wanafunzi huliita lile sanduku zima sipiyu. Si sahihi. Sipiyu ni ile prosesa iliyo ndani, ndogo kuliko biskuti. Ukimwambia fundi "sipiyu imeharibika" umempa ruhusa ya kukutoza anavyotaka.)

Basi Jumapili ya tatu nilikaa na daftari langu kando ya mama. Kaka yangu alikuwa akipiga pasi shati la kazini la Jumatatu, pasi ikiwa kwenye ekstensheni ile ile ya kompyuta, kwa sababu sebuleni kuna soketi moja tu ukutani. Mnajua ile taa nyekundu ya pasi, huzimika ikipata moto wa kutosha na kuwaka tena ikipoa. Taa ikawaka, ka! Kompyuta ikazimika. Nikaruka juu. Mama alishtuka akadhani nimepigwa na stima.

Tulirudia makusudi, mama akiwa amekwisha kuhifadhi kazi yake. Mara mbili taa iliwaka bila neno, mara ya tatu kompyuta ikazimika. Nilipochomoa plagi, moja ya matundu ya ekstensheni lilikuwa limekuwa jeusi na plastiki yake imelegea kama nta.

Waliosoma somo la umeme na joto katika fizikia ya kidato cha tatu watanielewa. Pasi ya wati 1,200 kwenye volti 240 huvuta ampia 5. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa omu 1 tu, joto lake ni mraba wa 5 mara 1, yaani wati 25. Hicho ni chuma kidogo cha kulehemu, kinachomewa ndani ya soketi yako kila Jumapili! Volti zinazopotea hapo ni 5 pekee, na kompyuta haizijali hizo. Kinachoiua ni kule kulegea, kwa sababu chuma kikipata moto na kupoa huachana na mwenzake kwa kitambo kidogo na stima hukatika. Kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, pawasaplai, huweza kuishi bila stima kwa milisekunde kama 16 hivi kikiwa na mzigo wake wote. Mzunguko mmoja wa stima yetu ya hezi 50 ni milisekunde 20. Kwa hivyo kukatika kwa mzunguko mmoja tu, ambako taa ya ukutani haikuonyeshi hata kidogo, kunatosha.

Tulinunua ekstensheni nzito ya shilingi 850, pasi ikahamishiwa jikoni. Nikatangaza ushindi mapema mno. Majuma mawili baadaye stima ilipepesuka, televisheni ikaendelea na taarifa ya habari, kompyuta ikazimika. Nilikaribia kulia. Fundi wa maabara ya shule yetu ndiye aliyenieleza kwamba pawasaplai ikizeeka, kapasita zake hukauka na kupoteza akiba, na zile milisekunde hupungua. Aliniazima nyingine kwa juma moja. Stima ilipepesuka mara mbili juma hilo, na mashine ikatulia tuli. Tukanunua ya mitumba kwa 1,500. Kwa hivyo wabaya walikuwa wawili, na mazabodi iliyozikwa na fundi wa mjini ingali hai.

Onyo moja, nalo si la mzaha: pawasaplai usiifungue. Kapasita zake kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Ibadilishe nzima, au mpe mtu aliyesomea. Nayo ekstensheni iliyoungua usiifunge kwa utepe, ikate waya uitupe.

Yetu hatukuitupa. Mama aliibeba hadi kwenye mkutano wa chama pamoja na daftari langu. Ikapita mkono kwa mkono. Yule mama aliyeuliza juu ya kompyuta kula pesa aliigeuza, akanusa lile tundu jeusi, akampa jirani yake bila kusema neno. Zile 2,000 hazijarudi, na mama anasema hazitaki. Siku hizi hubonyeza Kontroli na S baada ya kila jina, nguvu kiasi kwamba tunamsikia tukiwa chumbani. Naye kaka hupiga pasi akiwa amesimama jikoni kando ya sufuria, na kila Jumapili hunikumbusha kwamba shati lake linanukia sukuma wiki kwa sababu yangu.