Kabla Hujalipa Dola 300 kwa Chupa ya Marashi

Ukipita Bungulu, hapa Beni, Jumamosi ya harusi, utasikia marashi ya wageni kabla hujawaona wenyewe. Watu wa Beni wanapenda kunukia vizuri, nami nafurahia hilo. Ila siku hizi vijana wanauliza habari za zile chupa za kifahari zinazovaliwa na wanaume kwa wanawake, na bei zake zinauma. Chukua Baccarat Rouge 540 ya Maison Francis Kurkdjian, ambayo haikosi kutajwa: huko Marekani chupa ya mililita 70 inauzwa zaidi ya dola 300. Hiyo ni minervali, yaani karo ya shule, ya mtoto. Kabla hujazitoa dola hizo, pitia haya.

1. Ijaribu kwenye ngozi, siyo kwenye kifuniko.

Muuzaji atakufungulia kifuniko unuse, au atapuliza kwenye kikaratasi. Hapo utakuwa umesikia mwanzo tu: limau, chungwa, vitu vyepesi vinavyoruka haraka. Thamani ya marashi ya bei kubwa iko katika kile kinachobaki baada ya saa tatu au nne. Kwa hiyo omba upulizwe mara moja ndani ya kiwiko, usisugue, kisha ondoka dukani. Panda pikipiki, nenda soko la Kilokwa, pita penye makayabo na penye mawese, maliza shughuli zako. Jioni mwulize dada yako, au mwenzako wa kazini, kama bado anasikia kitu.

Nasisitiza umwulize mtu mwingine, kwa sababu pua huizoea harufu inayokaa nayo mpaka ikaacha kuisikia. Baccarat Rouge inajulikana sana kwa hilo: mvaaji anadhani imekwisha, kumbe walioketi benchi la nyuma kanisani wanaisikia waziwazi. Matokeo yake mtu anajipuliza tena na tena, na chupa ya gharama inaisha bila sababu. Tena haisikiki sawa kwa kila mtu. Wengine wanasikia sukari iliyoungua, wengine wanasikia dawa ya hospitali. Ukiwa wa kundi la pili, acha. Sifa za watu hazitabadilisha pua yako.

2. Ijaribu mahali utakapoivaa.

Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za koti. Beni iko chini zaidi na ina joto. Joto huyafanya marashi yaruke kwa nguvu na kuisha mapema. Baridi huyatuliza yakakaa karibu na mwili. Chupa iliyokupendeza dukani Butembo, ikiwa tamu na ya upole, inaweza kuwa nzito mno adhuhuri ya Beni, hasa ukiwa umebanana na watu ndani ya gari. Umbali ni kilomita hamsini na kitu tu, lakini ngozi inaona tofauti. Harufu za udi, ambari na sukari ndizo zinazosumbua zaidi kwenye joto.

3. Hofu ya kuvaa marashi ya kike, weka kando.

Zanzibar, Lamu na Oman, udi umefukizwa kwenye kanzu na kwenye nguo za akina mama tangu zamani, na hakuna aliyeona ajabu. Wenye viwanda ndio waliogawa rafu mbili, kisha wakarudi kuuza chupa ya wote: CK One ya Calvin Klein ilitoka mwaka 1994 kwa sifa hiyohiyo. Faida yake kwa nyumba ya kawaida ni kubwa. Papa na mama wanatumia chupa moja badala ya mbili, na hapo bei inaanza kueleweka.

4. Soma lebo, Kifaransa tunakijua.

Extrait de Parfum ina mafuta mengi ya harufu, kwa kawaida asilimia 20 au zaidi. Eau de Parfum ni kama 15 hadi 20, Eau de Toilette ni chini ya hapo, na Eau de Cologne ni nyepesi kuliko zote. Usilipe bei ya Eau de Parfum ukapewa Eau de Toilette yenye jina lilelile. Chupa zinafanana mno.

5. Piga hesabu ya siku.

Mpulizo mmoja ni karibu sehemu moja ya kumi ya mililita. Chupa ya mililita 70 ina mipulizo kama 700. Ukitumia mitatu kwa siku, unapata siku zaidi ya 230, yaani dola moja na senti 30 hivi kila siku. Mwenye butiki anayekutana na wateja kila siku anaweza kuibeba gharama hiyo. Wewe unayejipuliza Jumapili na siku ya harusi, chupa hiyo itakukalia miaka minne, na chumba chenye bati linalowaka jua kitaiharibu kabla hujaimaliza. Kwako, mililita 5 zilizomiminwa kwenye kichupa kidogo zinatosha Jumapili 16.

6. Kagua chupa jinsi dola yako inavyokaguliwa.

Hapa kwetu noti ya dola ikiwa na mchaniko mdogo kama ukucha, muuzaji anairudisha. Anaiinua juani, anaipapasa, anatazama mwaka. Haki hiyohiyo ni yako. Toa chupa kwenye boksi. Tazama namba ya uzalishaji chini ya chupa na ile ya kwenye boksi, zisipolingana, rudisha. Zikilingana bado endelea, maana waigaji nao wanajua kuchapa namba. Angalia kama maandishi yamenyooka, kama kifuniko kinakaa sawasawa, kama kuna uchafu unaoelea ndani. Puliza hewani: unataka ukungu mwembamba, si matone yanayorukia shati. Kisha tazama bei. Baccarat Rouge mpya, ya asili, chupa nzima kwa dola 40, haipo Beni, haipo Kampala, haipo Dubai. Muuzaji anayekataza kufungua boksi kabla ya malipo, mwage kwa heshima uende.

7. Usinunue hadithi.

Ya Baccarat Rouge ni nzuri kweli. Ilianza mwaka 2014 kwa chupa 250 za kusherehekea miaka 250 ya kiwanda cha vioo cha Baccarat, na 540 inahusu nyuzi joto zinazotajwa katika kutengeneza kioo chao chekundu chenye dhahabu. Hayo yote hayanukii. Hata orodha ya viungo ina mitego. Ikiandikwa ambari, mara nyingi ni ambroxan ya maabara. Ikiandikwa vanila, mara nyingi ni vanilini ya kiwandani, na mkulima wa Beni anayechavusha maua ya vanila moja moja kwa mkono haoni senti yake. Harufu ya maabara si mbaya, na nyingine hudumu kuliko za asili. Ila usiongezewe bei kwa jina la mmea ambao pengine haumo.

8. Ulizia za Uarabuni.

Wafanyabiashara wa Butembo wanaosafiri Dubai wanayajua marashi ya Lattafa na Armaf. Khamrah ya Lattafa, iliyotoka 2022, inavaliwa na wanaume na wanawake, inakaribiana sana na Angels' Share ya Kilian, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile. Ivae siku nzima kabla hujaidharau.

9. Uamuzi wangu.

Kama mko wawili mnaochangia chupa, mmeivaa siku nzima kwenye joto la Beni mkaipenda, na pesa haikutoka kwenye chakula wala minervali, nunueni Baccarat Rouge, ila ya mililita 35 kwanza. Sharti moja likikosekana, chukua Khamrah, na dola zinazobaki mnunulie mama kikwembe kizuri.