Mdomo wa Ndege na Riziki Yake: Darsa Kutoka Shamba la Mtama



Ndugu zangu katika imani, darsa ya toleo hili ninaianzia nyumbani kwetu Mwakiro, upande wa Muyinga, juu ya dungu katikati ya shamba la mtama.

Nilikuwa nimemaliza sekondari. Nilituma ombi moja tu la ufadhili wa masomo, kisha nikakaa. Kila aliyeniuliza ninafanya nini nilimjibu kwamba nimemtegemea Allah. Miezi ikapita bila jibu. Babu akanituma nikaamie mtama usiliwe na ndege. Huko kwenye dungu, nikiwa na debe na teo langu, nilipata muda mwingi wa kuwatazama.

Mdomo na kazi yake

Waliotusumbua zaidi ni kwera. Mdomo wa kwera ni mfupi, mnene kwenye shina na umechongoka mbele. Umbo hilo linampa nguvu ya kupasua punje ngumu. Mdomo huohuo ndio sindano yake: kwa huo huchana majani marefu na kuyafuma mpaka yakawa kiota.

Kwenye migomba iliyopakana na shamba alikuja chozi. Yeye mdomo wake ni mwembamba, mrefu, umepinda kidogo kuelekea chini, na ulimi wake una umbo la mrija. Huuingiza ndani ya ua na kunyonya maji yake matamu. Mtama wetu hakuugusa.

Chini, penye majani mafupi, alitembea hudihudi. Mdomo wake ni mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Huuchomeka udongoni kutafuta mabuu, na misuli ya kichwa chake humwezesha kuufungua hata ukiwa umezama ardhini. Huyu ndiye ndege anayetajwa katika Surat An-Naml, aliyemletea Nabii Sulayman (A.S.) habari za malkia wa Saba.

Ukishuka hadi mto Ruvubu utamkuta mdiria. Mdomo wake umenyooka kama mkuki, kwa sababu chakula chake ni samaki anayekimbia. Na tukitoka nje ya Burundi, kwenye Ziwa Natron kule Tanzania, yupo heroe, yaani flamingo. Huyu hula kichwa kikiwa kimepinduliwa juu chini. Ulimi wake husukuma maji, na vichujio vidogo vilivyo ndani ya mdomo hubakiza mwani mdogo mno anaokula.

Mpe kwera mdomo wa chozi, atakufa njaa katikati ya shamba la mtama. Mpe chozi mdomo wa kwera, atalizunguka ua bila kuifikia tamu yake.

Umbo, kisha uongofu

Katika Surat Taha, aya ya 50, Firauni alipouliza habari za Mola, Nabii Musa (A.S.) alimweleza kuwa ni Yule aliyekipa kila kitu umbo lake, kisha akakiongoza. Tuzingatie kwamba hapo pana mambo mawili. Chozi amepewa mrija, na pia ameongozwa kulijua ua la kuuingiza. Chombo bila uongofu hakimfai mwenye nacho.

Lakini kuna jambo la tatu, na hilo ndilo lililonipita mimi. Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Umar bin al-Khattab (R.A.) hadithi ambayo Mtume (S.A.W.) anatufananishia tawakkul ya kweli na riziki ya ndege, ambaye asubuhi hutoka na tumbo tupu na jioni hurudi limejaa. Hadithi hiyo niliihifadhi tangu madrasa. Jioni moja nikamwambia babu kwamba mimi ni kama ndege yule, nangoja riziki yangu.

Babu akacheka. "Mjukuu wangu, ni ndege gani uliyemwona analetewa chakula kiotani?"

Nikanyamaza.

"Ni kinda," akasema. "Na wewe manyoya yamekwisha kuota."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimeishika jioni ya hadithi na kuiacha asubuhi yake. Ndege yule hutoka. Wanazuoni walioifafanua hadithi hii, akiwemo Imam al-Bayhaqi, walieleza kwamba si hoja ya kuketi na kuacha kuchuma. Ni dalili ya kuitafuta riziki.

Baada ya mavuno nilianza kusomesha watoto madrasa ili nipate nauli. Nikaenda mjini Muyinga kunakilisha vyeti, nikatuma maombi mengine. Moja kati ya hayo ndilo lililonifikisha chuoni. Lile la kwanza halijajibiwa hadi leo.

Somo letu

Wengi wetu hapa chuoni tunaomba dua kabla ya mtihani na daftari hatujalifungua. Wengine, hasa sisi wa masomo ya dini, tunawatazama wenzetu wa udaktari na uhandisi tukitamani mdomo wa ndege mwingine. Ndugu yangu, jiulize kwanza ulichopewa kinafungua nini. Kisha toka nacho asubuhi. Tumbo kujaa ni kwa Allah. Kutoka ni kwako.

Maswali ya kujadili katika halaqa:

1. Kuna tofauti gani kati ya tawakkul na kukaa tu?
2. Taja kipaji kimoja ulichopewa. Mwaka huu umekitumia kwa jambo gani?
3. Ni nani kati yetu bado ni kinda, anayehitaji kuletewa, na sisi tunamwambia tu aruke?

Wa billahi tawfiq.