Somo la Mwezi: Mzee Anapohamia Mjini

Wakulima wa skimu, ninyi mnajua kuhama. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, maelfu ya jamaa walifungasha vyombo wakaenda kukaa na majirani wasiowajua. Mtoto aliyebebwa mgongoni wakati ule leo amepita miaka 60, na huenda mwanawe anamwambia, "Baba, njoo tukae pamoja Kawangware, karibu na steji ya 56." Ni mwaliko mwema, lakini kwanza soma somo hili.

Shambani mzee huamka ana kazi: kukama, kupeleka maziwa, kusalimiana na watu njiani. Mjini huenda akakaa katika chumba kimoja cha kupanga, na mwanawe hutoka alfajiri akarudi usiku. Chakula kipo, wa kuongea naye hayupo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 60 na zaidi, wapatao 14 wana ugonjwa wa akili, na kwamba upweke ni mojawapo ya mambo yanayouleta.

Basi fanyeni hivi:

1. Jaribu kwanza. Kaa mjini mwezi mmoja, kisha urudi ufikiri. Usiuze shamba wala ng'ombe kabla ya kujaribu.

2. Tafuta wenzako tangu wiki ya kwanza: kanisani, msikitini, katika chama, au kwa wazee wachezao drafti. Nawe mwana, mpeleke mzazi wako mwenyewe. Usimwonyeshe njia kwa kidole tu.

3. Usiache kulima. Wakazi wa Kibera hulima sukuma wiki katika magunia. Jaza gunia udongo na samadi, ukipanga mawe madogo katikati toka chini hata juu ili maji yapite. Toboa matundu ubavuni, upande miche. Jirani atakayekuja kuomba majani huenda akawa rafiki wa kwanza.

4. Angalia dalili. Huzuni ikipita wiki mbili, pamoja na kukosa usingizi, kukataa chakula au kukimbia watu, si uzee wala si uchawi. Mpeleke mzee katika kituo cha afya cha Riruta au kingine kilicho karibu. Ugonjwa huu hutibika.

Nanyi mnaobaki skimu, mpigieni simu. Mwambieni mvua imefika wapi, mumwulize shauri la mbegu. Mche hung'olewa pamoja na udongo wa mizizi yake. Mzee naye asihamishwe mikono mitupu.