Kona ya Dada: Safari ya Katavi Hupimwa kwa Mtoto Mdogo

Barua iliyonikalisha kitako wiki hii imetoka hapa hapa Sumbawanga, kwa mama wa watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 11, wa kati 7, na kitinda mimba ana miaka 3. Anaandika hivi:

"Dada, shikamoo. Mimi na mume wangu tuliazimia likizo ya mwezi wa sita tuwapeleke watoto Katavi kwa gari letu, Noah. Tulale huko, wawaone viboko. Shemeji zangu wanatuvunja moyo. Wanasema hizo ni safari za wazungu, na hata wazungu wenyewe hukodi yale magari yenye kitanda, jiko na choo ndani, kama tunayoyaona kwenye simu yakikatiza Alaska. Sasa mume wangu ameanza kusita. Tuahirishe, au twende na tulicho nacho?"

Marahaba, mdogo wangu. Nendeni. Tena nendeni mwaka huu, kabla huyo wa miaka 11 hajafika umri wa kuona aibu kukaa na wazazi wake.

Yale magari yenye nyumba yana maana yake kule yaliko. Alaska usiku unaweza kuwa wa baridi kali, miji iko mbalimbali, na njiani kuna vituo ambapo gari huunganishwa na maji na umeme. Huku kwetu vituo hivyo havipo, na gari zito la namna hiyo lingewapa kazi ya kulisukuma. Kinachowabeba watoto salama ni mpango. Na mpango wa safari ya familia una kipimo kimoja tu: mtoto mdogo kuliko wote aliyemo ndani ya gari. Akiweza yeye, wote mtaweza. Akishindwa yeye, hakuna atakayefurahia hao viboko.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Safari yetu ya kwanza tulitoka Sumbawanga saa tano asubuhi, tukitaka tufike Mpanda siku hiyo hiyo na njiani tupitie kila tulichosikia kinasifiwa. Tulipoanza kuteremka kutoka juu Ufipa kwenda bondeni, mwanangu wa mwisho akatapika. Mbele kidogo tairi likapasuka. Jeki tulikuwa nayo, lakini ardhi ilikuwa laini, na kila tukiipandisha ilizama. Hatukuwa na kipande cha ubao cha kuiwekea chini. Jua lilituchwea pale, mtoto analia kwa njaa, na chapati zote ziko chini kabisa ya mizigo. Tulifika usiku, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Tangu siku hiyo napanga safari kuanzia kwa mtoto, halafu ndipo naangalia ramani.

Basi tuipange yenu. Kwanza, tarehe. Mwezi wa sita ni kiangazi: matope yamekauka, nyasi zimeanza kulala, na wanyama wanasogea kwenye maji yaliyobaki. Kadiri kiangazi kinavyoendelea hadi mwezi wa kumi ndivyo wanavyozidi kujazana. Desemba, ingawa watoto wanafunga shule, mvua zimeshaanza na mabonde ya Katavi hujaa maji, kwa hiyo msiende wakati huo. Ila najua nyumba za Ufipa: mwezi wa sita ndio mahindi yanavunwa, na baba hawezi kuondoka magunia yakiwa shambani. Basi chagueni wiki ya mwisho ya likizo. Mahindi yatakuwa ndani, mfuko umepata nafuu kidogo, na moyo wa baba utakuwa ndani ya gari pamoja nanyi.

Pili, ukubwa wa mnakokwenda. Katavi ni hifadhi ya taifa tangu 1974, na leo ina kilomita za mraba 4,471. Chukua Unguja uiunganishe na Pemba, bado Katavi ni kubwa. Hakuna familia inayoimaliza, na msijaribu. Chagueni Sitalike, yalipo makao makuu ya hifadhi, muweke kambi hapo usiku tatu. Kuhamahama kila siku ni kufunga na kufungua mizigo, na kazi hiyo yote humwangukia mama.

Tatu, njia. Kutoka Sumbawanga hadi Sitalike ni kama kilomita 200. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu, watoto wakiwa bado na usingizi. Simameni Chala mnywe uji. Mkianza kuteremka kwenda Kibaoni, baba ashike gia ndogo na asikalie breki mfululizo, maana zikipata moto zinapoteza nguvu. Dirisha lifunguliwe kidogo, na mtoto anayechafukwa akae anapoweza kuona mbele. Kibaoni simameni tena, mle, mkojoe, mkimbizane kidogo. Kila saa moja na nusu gari lisimame, hata kama hakuna aliyeomba. Kabla ya siku ya safari, nenda stendi ukaulize madereva wa mabasi ya Mpanda barabara ikoje baada ya Kibaoni. Wao wamepita jana, na neno lao linazidi ramani yoyote.

Mafuta tuyapige hesabu. Kwenda na kurudi ni kilomita 400. Weka 100 za mizunguko, jumla 500. Noah ikienda kilomita 10 kwa lita, hiyo ni lita 50. Ongeza 15 za akiba, na ujaze tangi kabisa kabla hujatoka mjini. Hela hiyo, ya chakula na ya malazi, igawanye kwa miezi sita, na kibubu kianze Januari. Watoto nao waweke sarafu zao humo. Safari aliyoichangia mtoto ataitunza.

Hifadhini, mwananchi hulipa kwa shilingi na hulipa kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo bebeni vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, hivyo hela iwe kwenye simu kabla mtandao haujakatika. Pale langoni ulizeni mambo mawili: kibali chenu kinaisha saa ngapi, na kama mkitoka kulala nje mtaruhusiwa kurudi nacho. Familia nyingi hulipa mara mbili kwa kutouliza.

Noah yenu itawafikisha Sitalike. Kwa kuingia ndani kuelekea Ikuu na mbuga za Ziwa Chada, tengeni hela ya gari la juu lenye dereva anayezijua njia, siku moja tu. Huko mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa, hakuna kuacha barabara, na hakuna kushuka mpaka mwongozaji aseme.

Sasa kambi. Viti vya Noah vikilazwa, mama na wadogo wawili wanalala ndani, na baba na mkubwa kwenye hema kando ya gari. Kama hema linawatia hofu, hifadhi ina nyumba za kulala wageni. Ulizeni mapema. Mkipiga hema, pigeni pale askari wa hifadhi atakapowaonyesha. Viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, na wana njia zao. Kwa hiyo giza likiingia hakuna kutembea, hata kwenda chooni. Wekeni ndoo yenye mfuniko ndani. Chakula kisilale hemani, kifungiwe garini.

Baridi ya Sumbawanga mmeizoea, mji wetu uko karibu mita 1,800 juu. Kule mtakuwa chini ya mita 1,000 hivi, mchana ni joto na jioni kuna mbu. Mtoto aliyekulia juu hapa hana mazoea na mbu wengi, basi chandarua kiwe cha kwanza kuingia kwenye begi. Masweta msiyaache, alfajiri ya mwezi wa sita huuma hata bondeni.

Halafu kuna mbung'o, wengine huwaita ndorobo. Huyu anauma kupitia nguo, na mtoto asiyeambiwa atapiga kelele gari zima lishtuke. Hupenda rangi ya buluu na nyeusi, na hukimbilia kitu kinachotembea, gari likiwemo. Wavisheni watoto rangi ya vumbi au kijivu, mikono mirefu, na vioo vifungwe mnapopita kwenye miombo. Mkirudi nyumbani, mtu akipata homa, msinunue dawa kienyeji. Nendeni hospitali, na mseme wazi mlikuwa Katavi, ili wapime malaria na wakumbuke malale pia.

Vitu vya gari navisema kwa msisitizo, kwa sababu ya tairi langu: spea yenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, kipande cha ubao, pampu, kamba ya kuvutia, tochi. Siku tatu kabla, baba afungue tairi moja na kulirudisha kwa mkono wake mwenyewe, mkubwa wenu akimshikia spana. Nati zilizokazwa kwa mashine ya upepo zinaweza kukataa kufunguka njiani. Maji, wekeni lita 4 za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku. Nyie watano kwa siku nne ni lita 80, yaani madumu manne ya lita 20, na mawili mnaweza kuyajaza upya Sitalike. Chakula kiwe cha kawaida: chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, unga, maharage yaliyokwisha chemshwa, mtungi mdogo wa gesi. Vya kula njiani vikae juu ya mizigo, mkono unapofika.

Na kila mtoto awe na kazi. Wa miaka 11 ashike daftari la safari na hesabu ya maji. Wa miaka 7 ahesabu watu kila gari linapotaka kuondoka. Wa miaka 3 ashike kofia yake. Mwachie mtu nyumbani njia mtakayopita na saa mtakayopiga simu, akijua afanye nini kama simu haikupigwa.

Kama bado mume anasita, fanyeni mazoezi ya siku moja. Piteni Matai mwende kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja na korongo hujenga viota kwenye majabali. Kila mtoto ashikwe mkono karibu na ukingo. Kisha teremkeni Kasanga, mle migebuka ya kuchoma kando ya Ziwa Tanganyika. Jioni mkirudi mtajua mdogo wenu anavumilia saa ngapi ndani ya gari, na hiyo saa ndiyo itakayopanga Katavi.

Kuhusu hao wanaosema ni safari za wazungu, wasimulie watoto wenu jina lenyewe. Wenyeji husema Katavi imetokana na Katabi, mzimu wa mwindaji wa kale, anayekaa kwenye mkwaju karibu na ziwa lenye jina lake, na wapo wanaokwenda kuacha sadaka chini ya mti huo. Watu wetu waliiheshimu nyika hii kabla haijachorwa kwenye ramani yoyote. Mtoto wa Ufipa akifika pale hajaingia kwa mtu.

Mwaka uliofuata tulirudi Sitalike, safari hii kwa mwendo wa yule aliyetapika. Tulifika saa nane mchana, tukala, tukalala. Saa kumi na moja jioni tukasimama juu ya Mto Katuma. Maji yalikuwa yamebaki dimbwi, na viboko wamebanana humo mgongo kwa mgongo, huwezi kujua mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Mmoja akapiga miayo, tukaona meno, na harufu ikatufikia. Mwanangu akaziba pua kwa kofia, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: "Mama, na wao wamekuja na watoto wao?" Tukatafuta pamoja, mpaka tukamwona mdogo mmoja amelaza kidevu juu ya mgongo wa mama yake.

Mdogo wangu, swali kama hilo halitoki kwa mtoto aliyechoka. Mpe wa kwako nafasi ya kuuliza lake. Niandikie mkirudi, uniambie aliuliza nini.

Ni mimi, dada yenu.