Somo kwa Makatibu: Njia za Mtandao katika Kompyuta ya Ofisini na Nyumbani

Katibu wa chama cha msingi anayebeba kompyuta ya mkononi kati ya ofisi na nyumba yake aghalabu hupatwa na shida hii. Ofisini huchomeka waya uendao kwenye seva ya daftari la mapokezi ya mazao, na mara intaneti ya waifai hukatika. Akiuchomoa, intaneti hurejea lakini daftari halifunguki. Basi hunakili hesabu kwenye karatasi ili aipeleke benki orodha ya malipo, na hapo ndipo kilo 86 za mkulima hugeuka 68. Mwanachama amepunjwa bila mtu kuiba.

Kompyuta haina ubovu. Inatii orodha ya njia iliyomo ndani yake. Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, orodha hiyo hutazamwa kwa amri moja:

ip route

Ofisini mistari ya juu huweza kusomeka hivi:

default via 10.20.1.1 dev enp3s0 proto dhcp metric 100
default via 192.168.1.1 dev wlp2s0 proto dhcp metric 600

Mstari wa kwanza ni wa waya, wa pili ni wa waifai. Neno default ni njia ya kila kifurushi kisicho na njia yake maalumu. Tarakimu ya metric ni uzito wa njia, na penye njia mbili za aina moja iliyo nyepesi hushinda. Programu ya NetworkManager kwa kawaida huupa waya 100 na waifai 600. Kwa hiyo barua ya benki hupelekwa kwenye lango la waya, na lango hilo halitoki nje ya mtandao wa ushirika.

Wapo mafundi wanaofuta njia ya waya kwa amri ya ip route del na kuondoka. Hiyo ni dawa ya siku moja, maana kompyuta ikizimwa na kuwashwa tena ugonjwa hurudi. Wengine huandika anwani na lango la ofisi katika kila muunganisho, hata ule wa waifai. Katibu akifika nyumbani kompyuta hutafuta lango lisilokuwapo.

Ifaavyo ni kuifunga njia kwenye muunganisho wake. Tuseme muunganisho wa waya umepewa jina Ofisi, na seva ina anwani 10.20.5.8:

nmcli connection modify Ofisi ipv4.never-default yes
nmcli connection modify Ofisi +ipv4.routes "10.20.0.0/16 10.20.1.1"
nmcli connection up Ofisi

Amri ya kwanza huuzuia waya kuwa njia ya vyote. Ya pili huagiza kwamba anwani zote zinazoanza na 10.20 zipite katika lango la ofisi. Ya tatu huyatia mabadiliko katika kazi. Tarakimu halisi ziombwe kwa fundi wa chama kikuu, zisibuniwe. Nyumbani, kwa kuwa waya haupo, njia yake nayo haipo, na waifai hufanya kazi bila kuguswa.

Yafaa pia kutazama anwani zenyewe. Tangu mwaka 1996 mafungu matatu yametengwa rasmi kwa mitandao ya ndani, na ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani zikiwa na 192.168.1 au 192.168.0. Ofisi ikitumia fungu lilelile, katibu aliyeruhusiwa kuingia kwa VPN akiwa nyumbani ataiona kompyuta yake ikiitafuta seva humo humo sebuleni. Ofisi inayopanga mtandao mpya iyaepuke mafungu hayo.

Kabla ya kutuma malipo, katibu aandike:

ip route get 10.20.5.8

Jibu likitaja enp3s0, daftari linasomwa kwa waya. Anwani ya nje, kama 8.8.8.8, itaje wlp2s0. Majibu yote mawili yanakiliwe katika kitabu cha makabidhiano, pamoja na jina la muunganisho, ili katibu ajaye asianze kwa kuchomoa waya.